Wa Mwisho Kuingia Handakini

Mwaka ule wa 1967 karibu kila nyumba ya mtaa wetu, Cutler Hill, ilikuwa na picha ya Thaddeus Gatewood dirishani. Hata mimi nilikuwa nayo saluni kwangu, nimeibandika juu ya kioo, mahali ambapo mama akikaa chini ya kikaushio cha nywele hana pengine pa kutazama. Thaddeus alikuwa mwanasheria wa miaka thelathini na saba, mwenye sauti nzuri na meno mazuri zaidi, na alikuwa akigombea kiti katika baraza la mji. Watu wa rangi yetu waliowahi kuingia kwenye chumba cha baraza lile walikuwa wale wanaokipiga deki. Na safari hii si fahari tu iliyotusukuma. Mji ulikuwa umeshachora ramani ya barabara kuu mpya, na mstari wake mwekundu ulipita katikati ya Cutler Hill, juu ya makanisa mawili, saluni yangu na nyumba zaidi ya mia tatu. Thaddeus alisema akiingia ataupinda mstari ule. Tulimwamini, na mpaka leo naamini angejaribu.

Wapo wanaosema kiti kile tulikikosa kwa sababu mimi, Mina Pettus, nilifunga mdomo siku nilipotakiwa kuufungua. Wengine wanamlaumu rafiki yangu Ernestine. Nitaeleza ilivyokuwa.

Ernestine Macklin alikuwa mwalimu wa sekondari, na ndiye aliyeanzisha kikundi chetu cha michezo ya kuigiza. Yeye akiandika na kuongoza, mimi nikishona mavazi na kukaa pembeni mwa jukwaa nyuma ya pazia, na kitabu mkononi, kuwanong'oneza maneno waliosahau. Tulichezea kwenye ukumbi wa Shemasi Lucius Gatewood, baba yake Thaddeus, ghorofa ya juu ya nyumba yake ya mazishi. Chini walilala marehemu, juu tulipiga kelele sisi. Roscoe Bledsoe, mwigizaji wetu mkubwa, alikuwa akisema ndio watazamaji pekee wasiokohoa.

Baba yake Ernestine, Alvin Macklin, alikufa Februari 1930 kwenye handaki la maji, yeye na wenzake wanane. Handaki lile lilitoboa mlima kuleta maji mjini. Gesi ililipuka. Kampuni ilikuwa imechelewa na kazi, basi haikuhangaika kuwatoa watu. Ilijenga ukuta wa zege kuziba pale walipofukiwa, ikalikunja handaki pembeni kidogo, ikaendelea kuchimba. Mnyapara wa kikosi kile alikuwa Gatewood, mtu mweusi wa kwanza kupewa taa na filimbi na kampuni ile. Ilisemekana siku ile aliitwa ofisini, ndiyo maana akapona. Kwenye uchunguzi aliapa kwamba aliipima hewa kwa taa na taa ilikuwa safi, yaani hapakuwa na gesi. Miaka miwili baadaye akafungua nyumba ya mazishi, akawa shemasi, na akawasomesha watoto wa wale tisa mmoja baada ya mwingine bila kuombwa na mtu. Ernestine akafikishwa naye mpaka chuo.

Kwa hiyo Ernestine alipoandika mchezo juu ya handaki, aliuandika kwa shukrani. Aliuita Taa Safi. Mnyapara wa mchezo alikuwa mtu mwema aliyepandishwa cheo na Wazungu, akafiwa na watu wake, akashika Biblia kusema kweli, halafu akatumia maisha yake kuinua walioachwa. Thaddeus alipousoma alifurahi mno. Akasema uchezwe Jumapili ya tarehe ishirini na tisa Oktoba, siku tisa kabla ya kura, na ataalika waandishi wa magazeti.

"Wauone ukoo tuliotoka," alisema. "Wajue hatukuanza jana."

Tulianza mazoezi Septemba, saa kumi na moja jioni watu wakitoka kazini. Siku ya tatu, Shemasi akapanda ngazi, akaketi safu ya mbele na fimbo yake. Alikuwa na miaka sitini na minane, mrefu, mkavu, daima katika suti nyeusi. Alikuja na chupa kubwa ya maji. Bomba lilikuwepo pale pale kwenye korido, lakini yeye kila Jumamosi aliendesha gari maili kumi na nne kwenda kuteka maji kwenye kisima cha shamba la binamu yake. Sote tulijua, na sote tulidhani ni mambo ya wazee.

Roscoe ndiye aliyecheza mnyapara. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha matairi, mtu wa utani, kifua kama kabati. Akainua taa yake ya mabati, akaipeperusha kushoto na kulia kama anayetafuta paka.

"Siyo hivyo," Shemasi akasema.

Roscoe akasimama. "Samahani, Shemasi?"

Mzee akapanda jukwaani. Akaichukua ile taa kwa vidole viwili, akachuchumaa polepole, magoti yakilia, akaianza chini sakafuni. "Unaipandisha taratibu, hivi. Gesi inapenda juu. Unautazama moto, hutazami kitu kingine. Ukiwa wa manjano, umesalimika. Ukivaa kofia ya buluu, gesi ipo, unapiga filimbi, unatoka na watu wako. Hubishani na mtu."

"Na siku ile ulikuwa wa rangi gani?" Roscoe akauliza, kwa kutania tu, maana jibu lilikuwa kwenye kitabu.

Taa ilikuwa imefika usawa wa uso wa mzee. Haikuwa na mafuta wala moto ndani, lakini alikuwa akiitazama kwa namna ambayo Ernestine aliacha kuandika na mimi nikajikuta nimesimama. Halafu akairudisha kwa Roscoe.

"Endeleeni," akasema.

Kuanzia siku hiyo hakukosa. Na kila siku alisahihisha kitu kimoja, kimoja tu, kisha akaenda zake. Siku moja alisema kikosi hakikuimba kikiingia kazini, Ernestine auondoe wimbo. Siku nyingine alisema bosi wa Kizungu hakuwa mkali. "Alikuwa mpole sana. Aliniuliza habari za mke wangu. Mke wangu alikuwa na mimba ya Thaddeus." Ernestine akaandika, akafurahi kupata jambo la kweli. Wiki ya tatu tulifika pale ambapo karani anakuja mbio kumwita mnyapara ofisini.

"Mwondoe huyo karani," Shemasi akasema.

"Kwa nini, Shemasi?"

"Hakuna aliyekuja kuniita. Nilipanda mwenyewe."

Ernestine alikuwa na kalamu mkononi. Sikuiona ikiandika. "Ulipanda kufanya nini?"

"Ondoa karani, binti yangu. Mengine nitakwambia." Akachukua chupa yake ya maji, akashuka, na tukasikia fimbo yake ikigonga ngazi mpaka chini, mlango wa chumba cha marehemu ukafunguka, ukafungwa.

Roscoe akajaribu kucheka. "Mzee anachanganya mambo. Miaka thelathini na saba hiyo, jamani. Mimi jana tu sikumbuki nilikula nini."

"Ulikula kambale kwangu na hukuosha sahani," nikamwambia. Hakuna aliyecheka.

Wiki iliyofuata mzee aliomba tuzime taa zote za ukumbi na tufunge mapazia ya madirisha. Akasema Roscoe na vijana watatu waliocheza wachimbaji wakae chini, migongo ukutani, wasiseme kitu, wajue giza la kazi ile lilikuwaje. Tukakaa. Baada ya muda tukaanza kusikia vitu: bomba la korido likidondosha tone, mtu akimeza mate. Ndipo sauti ya mzee ikatoka gizani, si kwetu, wala si kwa mtu aliye hai.

"Alvin, rudi kwenye mstari. Nimeshaiangalia. Rudi kwenye mstari, bwana, unanichelewesha."

Niliiwasha taa mimi. Ernestine alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Roscoe alikuwa tayari amevaa koti.

Roscoe alinijia kesho yake saluni, akasimama mlangoni kama mwanamume anavyosimama mahali penye wanawake wenye rola kichwani. "Mwambie Ernestine namheshimu, lakini mnyapara sichezi tena. Yule mzee hanifundishi kuigiza, Mina. Anaungama. Na mimi si mchungaji."

"Tumebakiza siku kumi na mbili, Roscoe."

"Nipeni sehemu ya jaji. Jaji anakaa mbali."

Nilipompelekea Ernestine habari ile, Shemasi alikuwa ameshamwambia ya kwake. Angemcheza mnyapara yeye mwenyewe. Maneno anayajua, alisema, na watu hawatajali mvi.

"Uahirishe," nilimwambia. Tulikuwa jikoni kwake, mama yake Bi Odessa yuko sebuleni anasikiliza redio, na tulinong'ona. "Sema unaumwa. Sema mimi naumwa. Uahirishe mpaka kura zipite."

"Mina, unafikiri alifanya nini?"

"Sifikirii chochote."

"Unafikiria kama ninavyofikiria mimi." Alikuwa akikata vitunguu, akaendelea kuvikata mpaka vikawa uji. "Kila gauni nililovaa chuoni alinunua yeye. Kila kitabu. Nimesimama mbele ya darasa miaka kumi na tisa kwa sababu yake. Na yule mama pale sebuleni hajapata kaburi la kuwekea ua. Sasa mzee anataka kusema. Mimi nimwambie anyamaze, kwa sababu ya uchaguzi?"

"Kwa sababu ya nyumba mia tatu."

Kule sebuleni Bi Odessa akapunguza sauti ya redio, akauliza kwa nini chakula kinachelewa.

Thaddeus mwenyewe alikuja saluni siku ya Ijumaa, mimi nikifagia. Alifunga mlango, akageuza kibao cha "Tumefunga" kama duka ni lake. Alikuwa amehudhuria mazoezi ya jana yake kwa mara ya kwanza. Mzee alicheza vizuri, tena kama kitabu kilivyoandikwa, lakini Thaddeus hakupiga makofi.

"Baba anasahau sana siku hizi, dada Mina," alisema.

"Kwenye mazoezi hasahau."

"Atasahau. Umri." Alikuwa ameshika kofia yake, anaizungusha. "Akikwama Jumapili, umpe maneno yaliyo kwenye kitabu. Haraka na kwa sauti, hata watu wakisikia, si neno. Hayo yaliyoandikwa tu."

"Ndiyo kazi yangu."

"Najua ni kazi yako. Nataka uniahidi."

Nilimtazama. Meno yale mazuri hayakuonekana siku hiyo. "Thaddeus, ulimuuliza?"

"Sijamuuliza, na simwulizi. Baada ya tarehe saba Novemba, mwulizeni mnachotaka, mnisulubishe na mimi mkitaka. Lakini kwanza niingie mle ndani niuondoe ule mstari. Unajua tumengoja miaka mingapi mtu wetu akae kwenye meza ile? Nitakwenda kuwaambia nini watu wa mtaa huu? Kwamba wamekosa nyumba kwa sababu ya mchezo wa kuigiza?"

Nikaahidi. Nasema wazi, niliahidi, na nilikusudia.

Jumapili ile ilinyesha tangu asubuhi, mvua nyembamba isiyo na haraka. Watu walitoka kanisani moja kwa moja wakaja, kofia za akina mama zikidondosha maji, ukumbi ukanuka nguo mbichi na mafuta ya nywele. Saa tisa hapakuwa na kiti. Bi Odessa alikaa safu ya mbele, amevaa kofia ya rangi ya zambarau. Wajane wengine watatu walikuwa pembeni yake, na Thaddeus upande wa pili wa njia pamoja na mkewe. Nyuma kabisa walisimama Wazungu wawili wa magazeti na kamera, wageni wa Thaddeus mwenyewe.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Watu walicheka pa kucheka. Shemasi alipojitokeza na taa na filimbi shingoni, walisimama kumshangilia, wengine wakiita "Baba yetu!" Akangoja wamalize. Alicheza mnyapara kwa utulivu uliotisha, kama mtu anayepanga vyombo ndani ya sanduku kwa safari. Mlipuko tuliufanya kwa bati na ngoma. Wanawake walipiga kelele za kweli.

Kisha uchunguzi. Roscoe kwenye kiti cha jaji, joho jeusi nililolishona kutokana na pazia la zamani. Shemasi akaweka mkono juu ya Biblia.

"Bwana mnyapara," Roscoe akasema, "taa ilikuwaje?"

Maneno yalikuwa mafupi: Taa ilikuwa safi, mheshimiwa. Niliiona kwa macho yangu. Kidole changu kilikuwa juu yake kabisa.

Mzee hakusema kitu.

Nilihesabu moyoni mpaka tano. Mtu akakohoa. Shemasi akageuza kichwa, akanitazama pale nilipokuwa nyuma ya pazia. Nilipochungulia, Thaddeus naye alikuwa ananitazama, amesogea mpaka ukingo wa kiti. Nikafungua mdomo. Neno "taa" lilikuwa ulimini mwangu, nililionja. Lakini nimewanong'oneza waigizaji miaka mingi, na aliyesahau namjua. Aliyesahau macho yake yanakimbia, yanakusihi. Macho ya mzee yule yalikuwa yametulia. Alikuwa akingoja kuona kama na mimi nitamwambia anyamaze.

Nikafunga kitabu.

Akarudisha uso kwa watu. "Ilikuwa buluu," akasema.

Roscoe alijaribu kumsaidia, maskini. "Mheshi... bwana mnyapara, unasema ilikuwa safi?"

"Buluu, Roscoe. Kaa chini, mwanangu, hii si yako." Akaondoa mkono kwenye Biblia, akaushika ukingo wa meza. "Ilikuwa na kofia ya buluu ndefu kama kidole. Niliiona saa moja kasorobo asubuhi. Nilipanda juu kumwambia bosi. Akanikaribisha kiti. Hajapata Mzungu kunikaribisha kiti kabla ya siku ile. Akaniambia, Lucius, watu wako wanakutegemea, na mke wako anakutegemea. Kama kikosi chako hakiwezi kuingia, nitampa Mzungu taa, na sitampa mtu mweusi tena hata nikifa. Sema mwenyewe. Nikafikiri, nikiirudisha taa hii, hakuna mwingine wetu atakayeipata. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ila nilifikiri pia juu ya kiti kile, nilivyokuwa nimekikalia. Nikashuka, nikawaambia, iko safi, ingieni. Halafu mimi nikapanda tena juu. Sikuitwa. Niliogopa."

"Shusheni pazia!" Thaddeus alikuwa amesimama. "Baba, basi! Baba ni mgonjwa, jamani. Shusheni pazia!"

Kamba ya pazia ilikuwa karibu yangu na karibu ya Ernestine. Hakuna aliyeigusa.

"Nimekaa kimya kwa ajili yako tangu kabla hujazaliwa," mzee akamwambia mwanawe, bila hasira. "Kaa kidogo na wewe kwa ajili yao." Na akaanza kuwataja. Emory Tate. Ndugu wawili wa ukoo wa Hollins. Silas Purdy, aliyekuwa na wiki mbili tu tangu aoe. Alisema wako pale pale, nyuma ya zege, na kwamba maji ya mji mzima yanapita hatua nne kutoka walipo, na yeye hajayanywa tangu siku yalipofunguliwa. Mwanamke mmoja alitoka mbio akiwa ameziba mdomo kwa leso. Kamera ya nyuma ikatoa mwanga, kisha tena.

Alipofika jina la nane, Bi Odessa akasimama. Alikuwa mama mfupi, lakini ukumbi wote ulimwona.

"Lucius."

"Ndiyo, Odessa."

"Alvin wangu aliingia wa ngapi?"

Mzee alitikisika, nadhani hilo hakulitegemea. "Wa mwisho," akasema. "Wenzake walishaingia. Yeye alirudi nyuma kuniuliza. Aliona uso wangu. Akaniambia, Lucius, mbona jasho na hii ni Februari? Nikamwambia arudi kwenye mstari. Nikamwambia ananichelewesha."

"Miaka yote hii," Bi Odessa akasema, "nilikuwa nikidhani alikuwa wa kwanza, kwa vile alipenda kazi. Nikawa namlaumu kwa hilo. Nikawa namwambia, ungechelewa kidogo tu." Akachukua mkoba wake na kofia yake ya zambarau ikapita katikati ya watu mpaka mlangoni. Ernestine akamfuata kwenye mvua bila koti. Watu wakaanza kutoka, kimya, viti vikikwaruza, na mzee akabaki jukwaani ameshika meza, maana hakuna aliyejua kama mchezo umekwisha.

Jumatatu picha yake ilikuwa ukurasa wa mbele. Kichwa cha habari hakikuwa juu ya kampuni, ambayo ilishavunjwa zamani, wala juu ya bosi mpole, ambaye alishakufa. Kilikuwa juu ya baba wa mgombea. Simu ya Thaddeus haikunyamaza, kisha ikanyamaza kabisa, na hiyo ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe saba Novemba alishindwa kwa kura mia moja na sita. Wazungu hawakumpigia, hilo tulilijua tangu mwanzo. Lakini wengi wa kwetu nao walibaki majumbani. Nilizunguka mlango kwa mlango siku ile nikiwaomba watoke, wakanitazama kama ninayeuza kitu kibovu.

Ofisi ya mji ilisema ukuta wa zege hauwezi kuguswa, utahatarisha maji. Wajane waliandika barua nne. Nyumba ya mazishi ilibaki na jina lake mlangoni, lakini watu waliwasafirisha wafu wao mpaka mji wa jirani. Shemasi alikaa kwenye kiti cha mbele ya nyumba yake kila siku, amevaa suti, na wapita njia walivuka barabara. Alikufa Machi. Thaddeus alimwosha na kumvisha peke yake. Kanisani tulikuwa watu kumi na wanne, na Ernestine alikuwa mmoja wao, amekaa karibu na mlango. Bi Odessa hakuja, na wala hakumkataza bintiye kwenda.

Baada ya maziko Thaddeus alinikuta nje nikingoja gari. Alikuwa amekonda. Kazi yake sasa ilikuwa kuwatetea wenye nyumba dhidi ya barabara, bila malipo, na kesi zote alikuwa anashindwa.

"Uliniahidi," akasema.

"Nilikuahidi akisahau. Hakuwa amesahau, Thaddeus."

Akaangalia viatu vyake, vimejaa udongo wa kaburini. "Najua. Nilipokuja saluni nilijua hatasahau." Akakung'uta kimoja kwenye jiwe. "Sasa wewe niambie. Wale tisa wamepata nini? Wako pale pale. Na sisi tunahama."

Nilitaka kumwambia kwamba Bi Odessa ameacha kumlaumu mumewe. Lakini ukilipima jambo hilo na nyumba mia tatu, sikujua utalisemaje kwa sauti, hasa kwa mtu aliyetoka kumzika baba yake. Nikamshika mkono tu. Akauacha mkono wake kidogo katika wangu, kisha akauondoa.

Masika ya 1969 walikuja watu wa vipimo, wakapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu kwenye bustani zetu. Ernestine alimhamisha mama yake kwenda mji wa Dayton, akapata shule huko. Aliacha kuandika. Nikimpigia simu huniuliza habari za kila mtu, mmoja mmoja kwa jina, na hatujawahi kuutaja mchezo ule. Thaddeus alirudi kugombea mara mbili, akapata kiti mwaka wa 1975, na hadi anastaafu walimwita mtu mweusi wa kwanza wa baraza. Wakati huo Cutler Hill haikuwa na mpiga kura hata mmoja.

Mimi nilifungua saluni nyingine upande wa mashariki. Barabara ile naitumia kila Jumatano kwenda sokoni, hakuna njia nyingine. Mume wangu ndiye anayeendesha. Tukifika pale ulipokuwa ukumbi, huongeza mwendo bila kuambiwa, na mimi hutafuta kitu kwenye mkoba wangu mpaka tupite.